Bi Mkubwa Ahamia Kwenye Bomba

Naapa kwa macho yangu mawili, na la tatu kama ningekuwa nalo, kwamba haya ninayoyaandika ni kweli tupu. Sijaongeza hata chembe. Pale ambapo mambo yenyewe yalikwenda kombo nimeyanyoosha kidogo, kama mtu anavyonyoosha shati kabla ya kwenda kwa watu, lakini shati ni lile lile. Asiyeamini ashuke ufukweni akamuulize Mama Kioo.

Mama Kioo alipata jina hilo kwa sababu ya mashua yake. Sakafuni mwa mashua ile, katikati, palikuwa na kioo kinene kipana kama mlango, na wageni walikaa pembeni wameinama wakitazama chini ya bahari bila kulowa hata unyayo. Kila asubuhi kabla ya mgeni wa kwanza, Mama Kioo alipiga magoti akakisugua kwa kitambaa na siki hadi mtu angeweza kujinyolea ndevu. Nyuma, kwenye mashine, alikaa Shemeji, mdogo wa mumewe, mtu aliyeibembeleza mashine ile kwa maneno matamu ambayo mkewe nyumbani hajawahi kuyasikia. Ama mume mwenyewe, mstaafu wa posta, mtanashati, mtu wa fikra pevu, hatuna haja ya kumsifu hapa. Itoshe kusema tu kwamba bila yeye mambo yangeharibika.

Sasa, nyuma ya kona ya mwamba, mahali ambapo maji hayazidi kimo cha mtu, Mama Kioo alikuwa na bustani.

Haikuwa bustani ya mchicha. Ilikuwa ya matumbawe. Wengi hudhani matumbawe ni mawe, na ukiyagusa huwezi kuwalaumu, lakini ni viumbe hai, vidogo kuliko punje ya mchele, vimejengeana nyumba ukuta kwa ukuta kama wapangaji. Kupitia kioo chake Mama Kioo aliyaona yakiisha. Mwanzo yalikuwa na rangi za kanga mpya. Halafu nanga za mashua zikaanza kuyavunja, miguu ya wageni ikayasaga, mafuta wanayojipaka kujikinga na jua yakatanda juu ya maji, na mwamba ukabaki vigae, kama jikoni baada ya ugomvi wa mke na mume. Ndipo yeye na wanawake wenzake wauza vitambaa ufukweni walipoanza kuokota vipande vilivyokuwa bado hai na kuvifunga kwa kamba kwenye vichanja vya nondo walivyovizamisha pale konani. Walivifunga kwa vidole vilivyokunjamana kwa maji, kimoja kimoja, kama mtu anayesuka nywele za mtoto asiyetulia.

Alichokitaka ni kitu kimoja tu: bustani ile ipite msimu mmoja wa wageni bila kukanyagwa. Vipande vingepata nafasi ya kushika chuma, na kipande kikishashika chuma hakihitaji tena kamba wala mlezi. Kinakwenda chenyewe. Lakini kikitikiswa kabla ya hapo, kinakufa, na kazi yote inaanza upya.

Na msimu ukafika, na pamoja nao akafika Spidi.

Spidi alikuwa na boti ya kasi, miwani myeusi, na sauti ya kuuzia watu chochote. Wageni wake hawakutaka kutazama kupitia kioo. Walitaka kuruka majini na miwani ya kuzamia na yale mapezi ya mpira miguuni, na wakichoka walitafuta mahali pa kusimama. Vichanja vya Mama Kioo vilikuwa vimekaa kama vile viliwekwa kwa ajili hiyo.

"Spidi, mwanangu, wale wasisimame pale," alimwambia.

"Mama, bahari yote hii, mimi nitajua nani kasimama wapi?"

Asubuhi moja alikuta kichanja kimoja kimepinduka, vipande viko chini mchangani vimegeuka vyeupe. Siku ile aliwaonyesha wageni wake samaki bila mzaha hata mmoja, mpaka Shemeji akamwuliza kama anaumwa jino.

Siku iliyofuata mgeni wa Spidi, baba mmoja mwenye kitambi na mapezi ya njano, akasimama juu ya kichanja kingine kurekebisha miwani yake. Mashua ya kioo ilikuwa inapita pale pale.

"Kaka, shuka hapo tafadhali," Mama Kioo akaita.

Yule baba akampungia mkono.

"Kaka, nakwambia kwa faida yako. Hapo umesimama mlangoni kwa mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

Neno likamtoka kabla hajalipima. "Bi Mkubwa."

"Ndiyo nani huyo?"

"Mkunga," akasema Mama Kioo, akimaanisha yule samaki mrefu kama nyoka, mwenye meno, anayekaa mapangoni. "Si yule wa kuongeza watu. Huyu ni wa kupunguza."

Yule baba akacheka, lakini alicheka akitazama chini. Hapo Shemeji, ambaye hajawahi kuulizwa jambo akakosa jibu, akainua mkono wake wa kushoto usio na kidole cha mwisho. Kidole kile kilikatwa na mkanda wa mashine, na mtaa mzima unajua, kwa sababu alilia mtaa mzima ukasikia.

"Na siku hiyo," akasema kwa upole, "alikuwa ameshiba."

Nawaambia, kitambi kile kilipanda kwenye boti ya Spidi bila ngazi.

Jioni ile Mama Kioo alirudi nyumbani akiimba. Kufikia mwisho wa juma hapakuwa na mgeni aliyethubutu kuweka hata kidole gumba pale konani. Wageni walielezana wenyewe kwa wenyewe hotelini, na kila aliyesimulia alimrefusha Bi Mkubwa kidogo. Bustani ikatulia. Samaki wadogo wa bluu wakaanza kuzunguka vichanja kama watoto kwenye duka la peremende, na kipande kimoja kikaanza kumeza fundo la kamba yake, dalili kwamba kimeshika. Mama Kioo alimwambia Shemeji azime mashine juu ya kipande hicho, akakitazama kupitia kioo mpaka wageni wakadhani kuna lulu.

Lakini alisahau jambo moja, na kwa mtu aliyeishi kwa wageni miaka yote hiyo lilikuwa kosa la ajabu. Mgeni hasafiri nchi na nchi ili akwepe cha kutisha. Anasafiri ili apige nacho picha.

Haikupita muda, Spidi akasimika ubao ufukweni: NJOO UMWONE BI MKUBWA. Boti nyingine zikaiga. Asubuhi zilijipanga pale konani kama magari kwenye kituo cha mafuta, na kila moja ikishusha nanga. Ili kumtoa Bi Mkubwa pangoni walimwaga nyama ya kusaga na mikate mizima mizima. Samaki waliokuwa wakila ukoga juu ya matumbawe wakashiba mkate, wakaacha kazi. Ukoga ukaota, ukafunika vipande kama blanketi la kijani. Nanga moja ikanasa kichanja, ikakiburuta, na Mama Kioo akaviona vipande vikikatika kimoja baada ya kingine, kama vifungo vya shati linalochanwa.

Akaisogeza mashua yake hadi ubavuni mwa boti ya Spidi.

"Ng'oa nanga yako."

"Mama, usinikasirikie," Spidi akasema, na kwa kweli alikuwa anaona haya kidogo nyuma ya miwani ile. "Biashara hii umenipa wewe. Mimi nilikuwa nauza maji tu. Wewe umeniwekea nyoka ndani."

"Hakuna nyoka. Nilimtunga. Hakuna Bi Mkubwa, hajawahi kuwepo."

Alilisema kwa sauti ili wageni wote wasikie. Wakatazamana. Kisha mama mmoja mzee mwenye kofia pana akamwegemea na kumnong'oneza, "Tunaelewa, mwanangu. Unamlinda."

"Silindi kitu. Muulizeni huyu. Kidole chake kilikatwa na mashine."

Shemeji akatazama pale kidole kilipokuwa, akatazama wageni waliokuwa wamemkodolea macho kwa heshima ambayo hakuwahi kupewa tangu azaliwe, akakohoa. "Mashine?" akasema. "Sikumbuki vizuri, shemeji. Nilizimia."

Mama Kioo nusura amsukume majini.

Alirudi nyumbani mchana, akaketi mlangoni mwa jiko akichambua mchele, na mawe aliyoyaona aliyatupa kwa nguvu hadi kuku wa jirani wakahama. Mumewe alikuwa mezani anashona kifungo.

"Wamekuharibia?" akauliza.

"Nimejiharibia. Nimesema uongo wameamini. Nimesema kweli wamecheka. Nifanye nini sasa, niwe bubu?"

"Wamebakisha nini?"

"Vichanja vya nyuma bado vizima. Vya mbele vimekwisha. Wakiendelea hivi, wiki ijayo hakuna bustani."

Yule mume mwenye fikra pevu akakata uzi kwa meno, akalitazama shati lake, kisha akasema lile neno ambalo liliokoa bahari.

"Mhamishe."

"Nani?"

"Bi Mkubwa. Watu hawawezi kusahau kiumbe kama yule, lakini wanaweza kumfuata. Mtafutie nyumba mahali ambapo hakuna cha kuvunja."

Mama Kioo akaacha kuchambua. Mahali ambapo hakuna cha kuvunja palikuwepo mahali pamoja tu, na kila mtu wa ufukweni alipita pale akiwa amebana pua. Ilikuwa ncha ya pili ya ufukwe, chini ya bustani ya hoteli kubwa, ambapo bomba nene lilitokeza mchangani na kumwaga baharini maji ya dobi, ya jikoni na ya kwingineko. Maji yakijaa bomba lilijificha. Yakipwa, lilikodoa. Matumbawe ya upande ule yalikufa muda mrefu, na yaliyobaki yalikuwa miiba mitupu ya kijivu. Wageni hawakuletwa huko kamwe.

Kesho yake hakutangaza kitu. Mtu aliyeishi kwa kusimulia anajua kwamba habari ya kutangazwa huenda kwa miguu, ila ya siri hupanda gari. Alimngoja yule mama mzee mwenye kofia pana, akamsogelea.

"Mama, nilikudanganya jana."

"Nilijua."

"Amehama. Kelele zimemchosha. Amepata pango kule mwisho, chini ya hoteli, kwenye bomba. Mtu mzima, anapenda maji ya uvuguvugu. Lakini hutoka maji yakipwa tu. Naomba usimwambie mtu."

"Nife leo," akaapa yule mama, na kabla ya chakula cha mchana hoteli nzima ilikuwa inajua, mpaka mpishi.

Maji yalipoanza kupwa siku ile, bahari ilishuhudia kitu ambacho haijawahi kukiona. Boti zote zikang'oa nanga konani, zikafululiza kuelekea kwenye bomba, Spidi mbele, wageni wamevaa miwani na simu ziko tayari. Konani pakabaki mashua moja tu. Mama Kioo na Shemeji walishuka majini, wakainua kichanja kilichopinduka, wakaanza kukusanya vilivyo hai.

Kule kwenye bomba, wageni waliinama juu ya maji wakingoja. Bomba likakoroma. Kikatoka kitu cheupe, kikubwa, kikatambaa juu ya maji, na watu wakapiga mayowe ya furaha. Lilikuwa povu. Likafuatiwa na maji ya rangi ya kijivu yenye harufu ya sabuni na ya mabaki ya chakula, halafu harufu nyingine ambayo wageni waliitambua wote kwa pamoja lakini hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuitaja. Wawili waliokuwa tayari wamezama walirudi juu haraka. Mama mwenye kofia pana akatazama miiba ile ya kijivu chini ya maji, akatazama bomba, akafuata bomba kwa macho mchangani, ukutani, hadi kwenye jengo ambamo asubuhi ile alikuwa ameoga mara mbili.

"Haya ni ya kwetu?" akauliza.

Kwa mara ya kwanza Spidi hakuwa na cha kuuza.

Jioni ile ukumbini mwa hoteli hakikulika chakula. Wageni ambao hawakuwahi kujali tumbawe hata moja walimzunguka meneja kama wana-ukoo waliodhulumiwa. Walitaka kujua kwa nini mnyama mzee kama yule anaachwa aishi kwenye uchafu. Mmoja alisema Bi Mkubwa ana haki zake. Baba mwenye kitambi, yule yule, alisema kwa uchungu kwamba anamfahamu kibinafsi.

Asubuhi meneja akashuka ufukweni na viatu vyake vya ngozi, vikijaa mchanga. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye mambo mengi, na bomba lilikuwa jambo ambalo halipigi simu. Alimkuta Mama Kioo anasugua kioo.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Karibu. Angalia siki."

"Mama, tuongee kama watu wazima. Hakuna Bi Mkubwa."

"Hakuna kabisa."

"Basi waambie wageni wangu."

"Nimewaambia. Jaribu na wewe."

Meneja akavuta pumzi. Alikuwa ameshajaribu usiku kucha. "Sasa unataka nini? Arudi konani?"

Mama Kioo akaketi juu ya ukingo wa mashua, na kwa mara ya kwanza tangu msimu uanze akazungumza bila mchezo. Akamwambia kuhusu vichanja. Akamwonyesha kwa vidole kiasi ambacho vipande hukua kwa mwaka, urefu wa ukucha, kidogo zaidi. Akamwambia kwamba maji ya bomba hayakai kwenye bomba, mkondo huyaleta hadi konani, na ukoga unaostawi pale unakula jikoni kwake.

"Shimo la kuchujia tunalo," meneja akasema polepole. "Pampu yake ilikufa zamani."

"Na hamkuizika."

Akacheka, ingawa hakutaka. "Hatukuizika."

"Basi ifufue. Na mimi nitawaambia wageni wako jambo la mwisho kuhusu Bi Mkubwa, wataliamini, na hatutasumbuana tena."

Pampu ilifufuliwa kabla ya msimu kuisha. Pembeni ya shimo wakapanda matete ya kunywa kilichobaki, na siku maji yalipotoka bombani yakiwa maangavu, mtunza bustani wa hoteli alisimama akiyatazama kama mtu aliyepotelewa na jirani. Nje ya kona yakawekwa maboya, boti zijifunge pale na nanga zibaki ndani. Na Mama Kioo akatimiza ahadi yake. Aliwaambia wageni kwamba Bi Mkubwa sasa hana anwani, anatembea mwamba mzima, ila ana masharti yake: haonekani penye nanga, haonekani penye mkate, na penye mguu juu ya tumbawe hapiti hata kwa kubembelezwa.

Spidi ndiye aliyelivalia njuga kuliko wote. Alipaka ubao wake rangi upya, akaandika masharti yote matatu, na mgeni aliyethubutu kutoa kipande cha mkate mfukoni alipigiwa kelele hadi akakila mwenyewe. Mama Kioo alimsikia siku moja akiwaeleza wageni kwamba matumbawe si mawe, ni wapangaji. Hakumwambia kwamba maneno yale ni yake. Vichanja vya mbele vikafungwa vipande upya, na Spidi alikuja mwenyewe kushika kamba, miwani myeusi kaipandisha kichwani.

Vya nyuma vilipita msimu. Vyote. Kamba zilikuwa zimemezwa, huwezi tena kuona chuma kinaishia wapi.

Na siku ya mwisho ya msimu ule, naapa tena, maji yakatulia tuli, na chini ya kioo cha Mama Kioo akapita Bi Mkubwa mwenyewe, wa kweli, mnene kama shina la mnazi, mrefu hadi kichwa kilipotokea upande huu mkia ulikuwa bado haujaingia upande wa pili, akainua kichwa, akamwinamia Mama Kioo kwa heshima, na mumewe, aliyekuwepo, akasimama bila kutetereka na kumwambia—

"Mlikuwa na nani?"

Hapo ndipo kalamu iliponiponyoka, maana Mama Kioo mwenyewe alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu, na siki inamnukia mikononi, na sijui alikuwa amesoma tangu wapi.

"Mama watoto, kumbe umerudi."

"Mnene kama shina la mnazi," akasoma. "Baba watoto, yule mkunga aliyeingia chini ya kichanja ni kama mpini wa mwiko. Na wewe hukuwepo. Wewe ulikuwa hapa umelala."

"Nilikuwa nafikiri."

"Na hii. 'Mhamishe.' Nani alisema mhamishe?"

Nikatazama kifungo cha shati langu.

"Nani alisema, mzee?"

"Wewe."

"Na wewe ulisema nini?"

"Nilisema tuuze mashua tununue mbuzi."

"Basi andika."

Nimeandika. Nilidhani yameishia hapo, nikamwambia Shemeji, Shemeji akacheka hadi akashika mti. Lakini mtu ukikamatwa na mke wako unalipa kwa masharti yake. Vichanja vipya vinahitaji kusuguliwa ukoga kwa mswaki, taratibu, kichanja kwa kichanja, mpaka samaki wale wa bluu warudie kazi yao, na aliyepewa zamu ya msimu huu mzima ni mtu mmoja mstaafu, mtanashati.

Hivyo basi kila asubuhi mtanikosa nyumbani. Niko konani, puani nimebanwa na miwani ya kuzamia, mkononi mswaki, nasugua pembeni pembeni ya vipande laini kama meno ya mtoto. Juu yangu mashua hupita, kioo kikang'aa, nyuso za wageni zikanikodolea, na katikati yao uso mmoja ninaoufahamu. Sisikii anachowaambia. Naona tu wanacheka, halafu yeye anagonga kioo kwa ukucha, anaonyesha chini kushoto, mahali ambapo mswaki haujapita.